Ramani Iliyochorwa kwa Neno "Hapana"

Karatasi za Mulago zilizohifadhiwa London zinatukumbusha kazi ya madaftari yaliyobaki Kampala

Katika hifadhi ya Wellcome Collection mjini London, taasisi ambayo ni makumbusho na maktaba ya historia ya tiba kwa pamoja, zimo nyaraka za daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi katikati ya miaka ya 1960. Mgeni anayetafuta kinyago, ngoma ya kifalme au kiti cha mtemi atazipita bila kugeuza shingo, kwa sababu ni karatasi tu. Hata hivyo ni mabaki ya mojawapo ya kazi kubwa za kisayansi zilizowahi kufanyika Kampala: ramani ya Afrika iliyoonyesha mahali ambapo watoto huugua saratani ya taya na mahali ambapo hawaiugui. Wengi walioisikia habari hiyo wanamkumbuka daktari mmoja na pini zake ukutani. Mimi nashikilia kwamba nusu ya thamani ya ramani ile ilitoka kwa watu waliojibu kuwa hawajaona kitu. Kwa hiyo anayetaka kuienzi kweli hana budi kuanza na madaftari ya kawaida, yale ya kila siku, ambayo bado yapo hapa Kampala na ambayo hayana anayeyasifia.

Habari yenyewe ilianza mwaka 1957. Hugh Trowell, daktari wa magonjwa ya ndani katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwita Burkitt amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Lilikuwa jambo geni, maana usaha wa jino au uvimbe wa kawaida hauanzi pembe nne za mdomo kwa wakati mmoja. Haikupita muda mrefu, Burkitt akiwa katika hospitali ya Jinja akamwona mtoto mwingine mwenye dalili zilezile, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe mwingine ndani. Akarudi Mulago akaanza kufukua mafaili. Humo alikuta watoto ambao mmoja alikuwa ameandikwa kuwa na saratani ya taya, mwingine ya figo, mwingine ya ini, mwingine ya jicho, kila mmoja katika jalada lake kana kwamba hawahusiani. Mwaka 1958 alichapisha katika jarida la wapasuaji la Uingereza habari za watoto 38. Wanapatholojia wa Mulago, akiwamo Mmarekani Gregory O'Conor aliyefanya kazi katika idara ya Profesa Jack Davies, walionyesha kwamba uvimbe huo wote ulikuwa ugonjwa mmoja, saratani ya seli za mfumo wa kinga ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Hapa tayari karatasi ilikuwa imefanya kazi ambayo jicho peke yake lisingeiweza. Daktari humwona mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Faili humruhusu awaone wote kwa mara moja.

Swali lililofuata lilikuwa la jiografia, na halikuwa geni kwa Burkitt. Alipokuwa Lira, kabla ya kuhamia Kampala, alikuwa ameona kwamba wanaume wenye mabusha walikuwa wengi mashariki mwa wilaya ya Lango na wachache magharibi yake. Alijifunza mapema kwamba kuuliza "ugonjwa huu unatoka wapi" huweza kufungua mlango ambao kisu cha upasuaji hakiufungui. Kwa hiyo alitengeneza kipeperushi chenye picha za watoto waliovimba taya, kikiwa na swali jepesi kwa daktari wa mbali: je, umewahi kuona wagonjwa kama hawa? Mamia ya vipeperushi yalitumwa kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni kotekote Afrika. Ruzuku iliyolipia kazi hiyo ilikuwa ya makumi ya pauni, fedha ambazo leo zisingetosha kuendesha warsha ya siku moja katika hoteli ya Kampala. Majibu yakaanza kurudi, na kila palipothibitika kuwa na ugonjwa pakachomekwa pini kwenye ramani. Taratibu ukajitokeza mkanda mpana uliokata bara zima katikati, kaskazini na kusini ya ikweta, ukiwa na mkia ulioteremka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji.

Nguvu ya hapana

Watu wakiitazama ramani ya namna hiyo, macho yao hukimbilia kwenye pini. Lakini pini peke yake haina maana kubwa. Kama hospitali mia zingejibu "ndiyo" na nyingine zote zikakaa kimya, tungebaki na orodha ya madaktari wenye bidii ya kujibu barua. Kilichougeuza mkusanyiko wa pini kuwa mkanda, na mkanda kuwa mpaka, ni hospitali zilizosoma kipeperushi, zikazitazama picha, zikapekua kumbukumbu zao, kisha zikajibu kwamba kwao ugonjwa huo haupo. Mpaka hauchoriki kwa kujua upande mmoja. Mkulima hajui shamba lake linaishia wapi mpaka ajue la jirani linaanzia wapi. Vivyo hivyo, jibu la daktari wa nyanda za juu zenye baridi kwamba hajawahi kumwona mtoto wa namna hiyo lilikuwa na uzito sawa na jibu la mwenzake wa bonde lenye joto aliyewaona kumi.

Tena Burkitt mwenyewe alielewa kwamba "hapana" ya kwenye barua ni kitu cha kuhakikiwa. Huenda ugonjwa haupo. Huenda upo lakini wazazi hawawafikishi watoto hospitali. Huenda wanafika na daktari anaandika jina jingine. Ndiyo maana tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili, madaktari wamisionari Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari aina ya Ford lililokwishatumika, lililonunuliwa kwa pauni 250. Walizunguka kwa wiki kumi, wakipita Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji hadi kusini mwa bara, mwendo wa maili zipatazo 10,000, yaani kama kilomita 16,000, wakisimama kwenye hospitali zinazokaribia 60. Safari hiyo mara nyingi husimuliwa kama kisa cha ushujaa barabarani. Mimi naiona kwanza kama ukaguzi wa hesabu. Kilichotafutwa hasa ni ukingo, mahali ambapo "ndiyo" inageuka kuwa "hapana", na ukingo hauwezi kuaminika mpaka mtu akae na mganga wa pale, amwonyeshe picha na kumuuliza ana kwa ana.

Walichokikuta kilistahili taabu yote hiyo. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa futi 5,000 hivi, yaani kama mita 1,500. Kusini zaidi ulikoma kwenye futi 3,000. Ulipofika pwani ya kusini kabisa ulibaki nchi tambarare tu. Mwinuko ulibadilika, lakini kilichofanana kote kilikuwa hali ya hewa: ugonjwa haukuonekana mahali ambapo baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, wala mahali pakavu mno. Alexander Haddow, mtafiti wa taasisi ya virusi ya Entebbe, aliitambua mipaka hiyo mara moja, kwa kuwa ni ya aina ileile inayowabana wadudu waenezao maradhi. Mjini London, mwezi Machi 1961, mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt akitoa mhadhara, akatoka na wazo kwamba huenda kuna virusi ndani ya uvimbe huo. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuonekana kwa virusi ambavyo leo vina majina ya wawili kati yao, virusi vya kwanza kabisa vya binadamu kuhusishwa na saratani.

Msomaji makini atauliza: je, si kweli kwamba maelezo ya kwanza yaliyotokana na ramani yalikuwa na kosa? Ni kweli, na jambo hilo linaitia nguvu hoja yangu. Ilidhaniwa kwamba mbu au mdudu mwingine anabeba virusi vya saratani na kuvipeleka kwa mtoto. Baadaye ikajulikana kwamba virusi vya Epstein-Barr huenezwa kwa mate na vimeenea duniani kote, Kampala kama London. Mbu alikuwa anahusika kwa njia nyingine: analeta malaria, na malaria kali ya mara kwa mara huudhoofisha mwili wa mtoto mdogo hadi virusi vile vikapata nafasi ya kuzaa saratani. Wazo la kwanza likaanguka, lakini ramani haikubadilika, kwa sababu haikuwa imeandika mawazo. Ilikuwa imeandika ni wapi watu wameona na ni wapi hawakuona. Nadharia hubadilika kila kizazi. Kumbukumbu iliyoandikwa kwa uaminifu humsubiri atakayekuja kuielewa.

Mikono mingi

Kuna watakaosema ninapunguza heshima ya mtu mmoja ili niigawe kwa umati usio na majina. Madaktari wengine walikuwa wameyaona matukio hayohayo, watasema, lakini Burkitt ndiye aliyeuliza. Nakubali. Aliyeuliza swali anastahili sifa yake, na hakuna haja ya kumnyang'anya. Lakini swali zuri likikosa mahali pa kuulizwa hubaki upepo. Burkitt aliweza kufukua mafaili ya Mulago kwa sababu makarani na wauguzi walikuwa wameyajaza. Aliweza kusaidiwa na wanapatholojia kwa sababu katika miaka ya 1950 Davies alikuwa ameanzisha usajili wa saratani wa Kampala, mmoja wa mwanzo kabisa Afrika. Na ilipohitajika kujua kama ugonjwa huu ni mpya au ni wa zamani, jibu lilipatikana kwenye kilima cha pili, Mengo, ambako Albert Cook alifungua hospitali mwaka 1897 na kuanza kuandika habari za kila aliyelazwa. Mwaka 1964 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa saratani katika kumbukumbu za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956, na miongoni mwa waandishi wake sita yamo majina ya Owor na Mtimavalye. Karibu miaka 60 ya mwandiko wa mkono ilizungumza, na watu wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliousoma.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko mbali na Kampala, katika hospitali ya Kuluva karibu na Arua, Nile Magharibi. Ted Williams, yuleyule aliyesafiri na Burkitt, aliandika habari za kila mgonjwa wa limfoma hii: ni nani, dalili zilianza lini, na nyumbani kwao ni wapi. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Kumbukumbu hizo zilipochambuliwa, ilionekana kwamba wagonjwa huwa wanajikusanya mahali pamoja na wakati mmoja, kisha kundi linahamia kwingine, jambo lililoashiria kwamba kuna kisababishi kinachopita. Makala ya mwaka 1978, ambayo mtafiti Tukei alikuwa mmoja wa waandishi wake, ilijumlisha miaka 15, kuanzia 1961 hadi 1975. Hapana mashine iliyohusika katika kuzikusanya habari hizo. Kilichohusika ni mtu wa kuuliza mzazi aliyechoka kwa safari kijiji chake kinaitwaje, kukiandika bila kukosea, na kurudia kesho yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaweza kuongeza kwamba hata msiba bila daftari hupotea bila funzo.

Zitunzwe wapi?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna wanaosema heri karatasi zile zimekwenda London, kwani zingebaki Kampala zingeliwa na mchwa, zingeloa, au zingechomwa katika miaka ya vita. Hofu hiyo ina msingi, na hatutendi haki tukiipuuza kwa fahari ya utaifa. Kwa miaka mingi nyaraka za taifa la Uganda zilikaa katika chumba cha chini ya ardhi Entebbe. Lakini historia hiyohiyo ina ushahidi wa upande wa pili. Nyaraka za taifa sasa zina jengo lake Wandegeya. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanza mwaka 1908, yamehamishwa kutoka kilima cha Old Kampala hadi Makerere na kutoka Makerere hadi jengo lake la Kitante mwaka 1954, na yangali hai. Mwaka 2019 makumbusho hayo yalionyesha picha za enzi ya Idi Amin zilizotokana na makumi ya maelfu ya negativu zilizokuwa katika shirika la utangazaji la taifa, UBC. Negativu hizo zilikuwa zimevuka kila vurugu zikiwa ndani ya bahasha zao, kwa sababu kuna wafanyakazi walioziweka mahali pake na kuziandika. Kilichozitunza miaka yote hiyo ni utaratibu wa kazi.

Isitoshe, hoja ya "heri London" inasahau kwamba London ina sehemu ndogo tu ya hazina hii. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyozaliwa mwaka 1967 kwa ajili ya kutibu limfoma hii hasa, ina mafaili ya wagonjwa yanayorudi nyuma hadi miaka ile, na mwanahistoria Marissa Mika ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2021 ni kiasi gani cha maisha ya nchi kimo ndani yake. Kumbukumbu za Cook zimo katika maktaba ya tiba ya Makerere yenye jina lake. Vitu hivi havitahamia Ulaya, na havipaswi. Swali la kuuliza ni kama karatasi ya Kampala iliyobaki Kampala itapewa rafu kavu, mtunzaji mwenye mshahara na orodha inayosomeka, kama ilivyopewa ile iliyosafiri.

Pingamizi la tatu husemwa na vijana, nao husema kwa nia njema: zama za karatasi zimepita, tuna kompyuta. Lakini kompyuta huhesabu kilichoingizwa tu. Usajili wa saratani wa Kampala wenyewe ni shahidi. Katika misukosuko ya miaka ya 1970 na 1980 kazi yake ilivunjika, ikafufuliwa baadaye. Mtu akichora leo mstari wa idadi ya wagonjwa kupitia miaka hiyo atakutana na pengo. Je, pengo lina maana kwamba watu waliacha kuugua? La hasha. Waliugua na wakafa, lakini hakukuwa na wa kuwaandika. Asiyekuwapo na lake halipo. Hapa ndipo tofauti ninayoisisitiza inapoonekana wazi: kimya na hapana ni vitu viwili. "Hapana" ni jibu la mtu aliyetazama akakosa. Kimya ni pale ambapo hakuna aliyetazama. Ramani ya Burkitt ilifaulu kwa sababu ilijitahidi kuvitenganisha, na hakuna programu inayoweza kuvitenganisha baada ya miaka 50 ikiwa mwandishi wa siku ile hakufanya hivyo.

Lipo pia jambo la heshima, na ni haki liulizwe. Picha zile za kwenye vipeperushi ni nyuso za watoto wagonjwa, zilizotumwa hospitali za bara zima bila shaka pasipo ridhaa kama tunavyoielewa leo. Wengi wa watoto hao hawakuishi. Kuzitunza hakumaanishi kuzitundika popote. Makumbusho yanaweza kuonyesha ramani, bahasha, fomu na mwandiko, na kuacha nyuso na majina chini ya ulinzi wa sheria na wa watu wenye adabu. Lakini kuzitupa kwa kisingizio cha faragha kungekuwa kuwasahau mara ya pili. Watoto wale walichangia elimu iliyofanya ugonjwa wao uwe miongoni mwa saratani za kwanza kuonekana kuyeyuka kwa dawa peke yake, na mchango huo unadai kumbukumbu.

Kwa hiyo Makumbusho ya Uganda yakitaka siku moja kuweka kabati la ramani hii, nashauri katikati lisiwekwe gari wala picha ya daktari. Iwekwe fomu ya kituo cha afya cha leo. Katika taarifa za kila wiki za magonjwa ya mlipuko, kituo ambacho hakikumwona mgonjwa kinatakiwa kuandika sifuri, kisiache nafasi wazi. Muuguzi wa kituo cha mbali, jioni ya mwisho wa wiki, mwenye foleni iliyokwisha sasa hivi na taa hafifu, anaweza kuliona sharti hilo kuwa usumbufu mtupu. Sifuri hiyo ndiyo mrithi wa majibu yaliyorudi Mulago kwa posta. Akiiandika baada ya kutazama kweli, amechora kipande chake cha mpaka.